Kuielewa Huzuni Bila Kuihisi

Wapo watu ambao ukiwauliza wanajisikiaje baada ya kufiwa, kuachwa au kupoteza kazi, watakupa jibu lililopangika vizuri mno. Watakueleza kwamba maombolezo huchukua muda, kwamba kuachwa kumewauma zaidi kwa sababu walilelewa na mzazi asiyeonyesha mapenzi, kwamba ubongo uliomzoea mtu haumsahau upesi. Kila wanachosema kina ukweli. Sauti haitetemeki, macho ni makavu. Ukirudia swali, "Sawa, lakini wewe mwenyewe unajisikiaje?", wataanza maelezo mengine marefu kuliko ya kwanza, na swali litabaki halijajibiwa.

Mtu wa namna hii husifiwa. Huonekana amekomaa, anajitambua, ana busara. Naye mwenyewe huamini kwamba jambo lake amelimaliza, maana amelichambua hadi kwenye mizizi. Kisha miezi inapita na usingizi haurudi. Kifua bado kinabana akisikia jina fulani. Anakasirishwa na vitu vidogo, au hana hamu ya kitu chochote, na hapo huanza kuchambua upya akidhani kuna sababu aliyoiruka. Nataka kueleza kwa nini uchambuzi huo, hata ukiwa sahihi, hauwezi kufanya kazi ya kuhisi, na kwa nini hata watu wenye akili kali hunaswa humo kwa urahisi.

Wanasaikolojia wameujua mwenendo huu kwa muda mrefu. Sigmund Freud aliandika mwaka 1926 kuhusu wagonjwa waliokumbuka tukio chungu kwa ukamilifu, lakini uchungu wenyewe ukawa umetengwa na kumbukumbu. Walisimulia kana kwamba yalimpata mtu mwingine. Miaka kumi baadaye, mwaka 1936, binti yake Anna Freud alieleza jambo la karibu na hilo katika kitabu chake kuhusu njia ambazo nafsi hujikinga. Aliliona hasa kwa vijana wanaobalehe. Mwili unapowaletea tamaa na hofu wasizozijua, baadhi yao hukimbilia mijadala mikubwa kuhusu uhuru, mapenzi, ndoa na maana ya maisha, nao huongea kwa ufasaha wa kushangaza. Kilichomvutia Anna Freud ni kwamba ufasaha huo haukugusa maisha yao. Kijana mwenye nadharia nzuri kuliko zote kuhusu upendo aliweza kuwa mkatili kwa mpenzi wake bila kuona kinyume chochote. Fikra ilikuwa imepewa kazi nyingine: kuishika tamaa na hofu kwa maneno ili zisimfikie.

Hapa naliita jambo hili kukimbilia kichwani. Lina majirani watatu ambao hufananishwa nalo, na ni vyema kuwatenga mapema.

Wa kwanza ni kujihalalishia, ambako Ernest Jones alikupa jina la kitaalamu mwaka 1908: mtu anafanya jambo kwa sababu asiyoitaka kuikubali, kisha anatafuta sababu nzuri ya kuwaambia wengine na kujiambia mwenyewe. Hapo maelezo ni ya uongo. Anayekimbilia kichwani anaweza kusema kweli tupu. Wa pili ni aleksithimia, neno lililoanzishwa na daktari Peter Sifneos mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wanaoshindwa kutambua na kutaja wanachohisi. Hao wamepungukiwa na maneno. Huyu wetu anayo ya kufurika. Wa tatu ni kurudiarudia mawazo yale yale bila kufika popote, nami nitamrudia baadaye kwa sababu ndiye jirani wa karibu zaidi, na mara nyingi hao wawili hulala nyumba moja.

Kinga hii inafanya kazi

Makala nyingi kuhusu hisia humlaumu anayechambua, kana kwamba amechagua ubaridi. Naona huko ni kumwonea. Watu hukimbilia kichwani kwa sababu huko kuna nafuu ya kweli, na nafuu hiyo imepimwa.

Mwaka 1964, Richard Lazarus na wenzake huko California waliwaonyesha watu filamu ya kitafiti yenye upasuaji wa jando uliofanywa bila ganzi, jambo gumu kulitazama. Baadhi walitazama bila maelezo yoyote. Wengine walisikia sauti iliyosisitiza maumivu. Kundi jingine lilisikia sauti tulivu ya mtu anayeeleza tukio kama mtafiti wa mila, akitaja hatua na taratibu kwa mbali. Watafiti walipima jinsi ngozi inavyopitisha umeme, kipimo kinachopanda mtu anapotoka jasho la msisimko. Waliosikia maelezo ya kitafiti walionyesha msisimko mdogo. Picha zilikuwa zile zile. Namna ya kufikiri pekee iliutuliza mwili.

Bila uwezo huu, dunia ingekuwa na wakati mgumu. Daktari mpasuaji anauhitaji. Mwanafunzi wa udaktari anayesimama mbele ya maiti kwa mara ya kwanza anauhitaji. Mtu anayempeleka mwanawe hospitali usiku anapaswa kufikiri kwanza, alie baadaye. Katika mpangilio wa kinga za nafsi uliotungwa na George Vaillant, daktari wa akili wa Marekani aliyefuatilia maisha ya watu kwa miongo mingi, kinga hii haiwekwi miongoni mwa zile za ngazi ya chini kabisa kama kukana ukweli waziwazi. Iko ngazi ya kati: inamwezesha mtu kufanya kazi na kulea familia, na gharama yake hulipwa ndani.

Ugumu unaanzia kwenye nafuu hiyo hiyo. Thomas Borkovec, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza wasiwasi, aligundua kwamba wasiwasi kwa kiasi kikubwa ni maneno yanayopita kichwani. Picha ni chache. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1990, watu wenye hofu ya kuhutubia walitakiwa kujiona akilini wakiwa mbele ya hadhira. Walioanza kwa kuwaza kwa wasiwasi, mapigo yao ya moyo yaliitikia picha hiyo kidogo kuliko wale walioanza kwa kutulia. Maneno yaliuzuia mwili kuitikia. Borkovec alieleza madhara yake hivi: hofu hupungua pale mwili unapoikabili na kujifunza kwamba haikuua, mwili usiporuhusiwa kuitikia, haujifunzi, na kesho hofu inarudi ikiwa na nguvu zile zile. Mtu naye amepata nafuu ya dakika tano kwa kuwaza, kwa hiyo ataitafuta tena.

Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa jambo zima. Uchungu unapanda, mtu anaanza kueleza, uchungu unashuka kidogo, naye anahitimisha kwamba maelezo yamemsaidia. Yamemsaidia kweli, kwa dakika hizo. Lakini kilichokuwa kinataka kupita hakikupita. Kwa mtu aliyesoma, mwenye maneno mengi na aliyezoea kupongezwa kwa akili yake tangu utotoni, mzunguko huu unaweza kuendelea miaka na miaka bila yeyote kuona tatizo. Mara nyingi ulianza zamani, katika nyumba ambamo kulia kulileta adhabu au kejeli, na kuongea kama mtu mzima kukaleta sifa. Mtoto hujifunza haraka mlango upi hufunguliwa.

Kinachopotea

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo mpangilio wake unajibu swali letu karibu moja kwa moja. Wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kwa usiku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Wengine waliandika kuhusu tukio lililowaumiza zaidi maishani, nao wakagawanywa: wa kuandika kilichotokea tu, wa kuandika hisia tu, na wa kuandika vyote viwili pamoja. Katika miezi sita iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zake ndio waliopunguza safari za kwenda zahanati ya chuo. Walioandika matukio bila hisia walifanana na wale walioandika mambo yasiyo na uzito. Walikuwa wamegusa jeraha lile lile, kwa saa zile zile, wakabaki walivyokuwa.

Jambo moja halisemwi vya kutosha kuhusu jaribio hilo. Walioandika hisia walimaliza kila usiku wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoanza. Faida ilikuja baadaye. Anayepima njia kwa jinsi anavyojisikia baada ya dakika 20 atachagua uchambuzi kila mara, na kwa kipimo chake hatakuwa amekosea.

Hasara nyingine iko kwenye maamuzi. Wengi hudhani hisia huvuruga uamuzi, na kwamba akipatikana mtu asiyezihisi atakuwa mwamuzi bora. Daktari wa neva Antonio Damasio alimpata mtu wa karibu na huyo, akamwandika kwa jina la Elliot. Elliot alikuwa ametolewa uvimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Vipimo vya akili na kumbukumbu vilitoka vizuri. Aliweza kujadili uamuzi wowote kutoka pande zake zote. Hata hivyo maisha yake yalikuwa yameporomoka: kazi, fedha, ndoa. Alisimulia maporomoko hayo kwa utulivu kamili, na Damasio aliandika kwamba yeye msikilizaji aliumia kuliko msimuliaji. Elliot aliweza kuorodhesha machaguo bila mwisho, lakini hakuna hata moja lililomvuta au kumrudisha nyuma. Mwili ulikuwa umeacha kumwambia lipi lina uzito.

Anayekimbilia kichwani hana jeraha la ubongo, na sitaki kuwalinganisha kupita kiasi. Lakini malalamiko yake unayafahamu: ameandika faida na hasara za kubaki kwenye uhusiano kurasa nne na bado hajui anataka nini. Timothy Wilson na wenzake walionyesha sura nyepesi ya jambo hilo mwaka 1993. Waliwaacha wanafunzi wachague bango la kuondoka nalo. Baadhi walitakiwa kwanza kuchambua kwa nini wanapenda au hawapendi kila bango. Wiki kadhaa baadaye, waliochambua ndio walioridhika kidogo na chaguo lao. Sababu zinazotamkika kirahisi si lazima ziwe ndizo zinazotusukuma. Ukishazitaja, unaanza kuzifuata.

"Kwa nini" na "nini"

Sasa tumrudie yule jirani wa tatu. Mwezi Oktoba 1989 tetemeko kubwa lilipiga eneo la San Francisco. Susan Nolen-Hoeksema, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa amekwisha kuwapima wanafunzi siku 14 kabla, pamoja na tabia yao ya kukaa na huzuni na kuiwaza. Baada ya tetemeko, waliokuwa na tabia ya kuirudia huzuni kwa mawazo ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za msongo wa huzuni siku 10 baadaye, na tena baada ya wiki saba.

Msomaji makini atauliza: je, hao hawakuwa wanahisi? Si walikuwa wanakaa na huzuni? Hapa ndipo mambo mengi hukorogeka, na ndipo kazi ya Edward Watkins wa Chuo Kikuu cha Exeter inapotusaidia. Watkins ameonyesha kwamba kuna njia mbili za kuliwaza jambo gumu. Moja inauliza maswali ya jumla: kwa nini mimi, hii inamaanisha nini kuhusu maisha yangu, nina kasoro gani. Nyingine inakaa kwenye kilicho mahususi: ilitokeaje, ilifuatwa na nini, nilisikia nini mwilini wakati ule. Njia ya kwanza huendeleza huzuni. Ya pili huisaidia kusonga. Zote mbili humfanya mtu aonekane amezama kwenye hisia zake, lakini ya kwanza imemweka juu ya hisia hizo, akizitolea hukumu.

Kwa hiyo mchambuzi mtulivu na mwenye mawazo yasiyokwisha wana kosa moja. Mmoja anapata nafuu na mwingine anapata mateso, lakini wote wameuliza "kwa nini" kabla ya kujua "nini".

Je, basi tuache kufikiri? Hapana, nami siamini ushauri wa "sikiliza moyo wako tu". Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuyatazama upya mawazo yake imewasaidia wengi mno. Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba hata swali la "kwa nini" halina madhara yale yale ikiwa mtu analitazama tukio kama mtazamaji wa pembeni. Ila angalia utaratibu wao: washiriki walitakiwa kwanza kukumbuka tukio lililowakasirisha na kuingia ndani ya kumbukumbu hiyo. Hasira ilikuwapo chumbani kabla ya uchambuzi kuanza. Kutafakari hisia iliyopo ni jambo moja. Kutafakari ili isije ni jambo jingine, hata kama maneno yanafanana.

Kuhisi hufanywaje

Kumwambia mtu "hebu hisi hisia zako" ni kumpa amri asiyojua pa kuishika. Eugene Gendlin alilisaidia swali hili kuliko mtu yeyote ninayemjua. Akiwa Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na mwanasaikolojia Carl Rogers, yeye na wenzake walisikiliza kanda nyingi za tiba ya mazungumzo wakitafuta kwa nini baadhi ya watu hupona na wengine hawaponi. Tofauti ilisikika mapema, tena haikutegemea sana mbinu ya mtaalamu. Waliokuja kupona waliongea kwa kusitasita. Walisema jambo, wakanyamaza, wakalikana: "Nina hasira... hapana, si hasira hasa. Ni kama kitu kizito hapa... ni kama nimesahauliwa." Na neno lilipopatikana, walishusha pumzi. Waliongea wakisubiri jibu kutoka mwilini. Wasiopona waliongea vizuri, bila kituo.

Hiyo ni alama ya kwanza unayoweza kuitumia kwako. Ikiwa maelezo yako yanatiririka bila kukwama, pengine unasoma kilichoandikwa zamani. Alama ya pili ni nafsi unayoitumia. "Mtu ukiachwa hivyo unajiona huna thamani" ni sentensi ya mbali. "Najiona sina thamani" huchukua pumzi zaidi kuitamka. Ya tatu ni mwili wenyewe. Baada ya nusu saa ya kueleza, je, koo limelegea hata kidogo? Mabega yako wapi?

Ukitaka kujaribu, usianze na jeraha kubwa kuliko yote. Chukua jambo la juma hili lililokukera. Litaje kwa sentensi moja kisha uache kulieleza, uangalie kifua, koo, tumbo, taya. Tafuta jina la hali yake: inabana, inawaka, ni tupu, inatetemeka. Akili italeta sababu, maana ndivyo ilivyozoea. Itikie na urudi mwilini. Kaa hapo dakika mbili tatu. Hisia nyingi zikiachwa bila kupigwa wala kuchochewa hupanda, hufika kilele, hushuka. Machozi yakija, yaache.

Kutaja hisia kwa neno moja au mawili hakuvunji zoezi hili. Katika utafiti wa Matthew Lieberman uliochapishwa mwaka 2007, watu waliotazama nyuso zenye hofu au hasira na kuchagua neno la hisia hiyo walionyesha utulivu zaidi kwenye amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika sana na hatari. "Nina aibu" ni kutaja. "Nina aibu kwa sababu katika malezi yangu..." ni mwanzo wa safari ya kwenda kwingine.

Wengi husema wanaogopa kwamba wakianza kulia hawatanyamaza. Hofu hiyo naiheshimu. Kwa huzuni ya kawaida ya maisha, mwili huchoka kulia na kutulia wenyewe. Lakini kwa aliyepitia ukatili, vita, kubakwa au ajali mbaya, ganzi inaweza kuwa ndiyo inayomshikilia, na kuifungua ghafla peke yake kunaweza kumrudisha katikati ya tukio. Huyo afanye kazi hii pamoja na mtaalamu aliyefunzwa kutibu majeraha ya namna hiyo, kidogo kidogo. Anayehisi kutaka kujidhuru asisubiri zoezi lolote. Atafute msaada leo.

Na kama anayekimbilia kichwani ni rafiki yako, usimpinge kwa hoja. Hoja ndiyo lugha anayoijua zaidi, atakushinda, na mtakuwa wawili kichwani. Acha pia kumwuliza kwa nini. Mwombe akusimulie wakati mmoja: alipopokea ile simu alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini, mwili wake ulifanyaje. Akinyamaza, usijaze ukimya kwa ushauri, maana pengine ndipo anapokuwa amefika. Akirudi kwenye nadharia zake, mwache arudi. Zimemsaidia kusimama hadi leo, na utaweza kumuuliza tena mtakapokutana.